Usiku Tisa Zisizo na Mwenyewe

Bernadette Galecki aliendesha lori la kusukuma theluji katika mji wa Erie, ukingoni mwa ziwa, kwa misimu kumi na moja ya baridi. Watu walimwita Bernie. Alikuwa na miaka arobaini na moja, mabega mapana kama ya marehemu baba yake, na mazoea ya kusinzia akiwa amekaa. Alishasinzia kwenye kiti cha daktari wa meno. Alishasinzia kanisani kwenye maziko ya shangazi yake, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mkononi, na ndugu wakadhani anasali.

Haukuwa uvivu. Theluji ya ziwani haina adabu. Mchana kutwa jua linawaka, halafu jioni upepo unageuka, na kabla watu hawajamaliza kula, barabara hazionekani. Simu ya karakana ikilia, dereva ana dakika arobaini na tano za kufika. Bernie alipoajiriwa alikuwa mwanamke pekee, na wenzake walimtania msimu mzima. Walimuuliza kama kiti kinafika, kama vioo anavitumia kujipaka rangi ya midomo. Utani uliisha siku alipomvuta mmoja wao kutoka mtaroni, lori na chumvi yake yote ya kuyeyushia barafu, akamwambia, "Haya, sasa jipake wewe."

Mumewe alikuwa Curtis Amendola, fundi wa mitambo ya kupasha joto katika shule za mji. Waliachana mwaka 2019. Hakuna sahani iliyovunjwa wala jirani aliyeamshwa. Ndoa ilichoka tu, kama nguo inavyochakaa kwenye viwiko, mpaka siku moja wakaangaliana wakaona mwanga unapita. Walikuwa na mtoto mmoja, Corinne, wakati huo ana miaka mitano.

Hakimu aligawa mambo sawa kwa sawa. Corinne alale wiki moja kwa mama, wiki moja kwa baba, akibadilisha nyumba kila Jumapili jioni. Na kwa kuwa serikali humpunguzia kodi mzazi anayemwandika mtoto kwenye fomu yake, na mtoto mmoja hawezi kuandikwa na wawili kwa mwaka mmoja, hakimu aliamua wapokezane: mwaka wa witiri wa Bernie, mwaka wa shufwa wa Curtis. Waliweka sahihi, wakatoka mahakamani, wakasaidiana kusukuma gari la Curtis lililokuwa limegoma.

Kwa miaka minne mambo yalikwenda. Mwaka wa 2023 ulikuwa wa Bernie.

Alasiri moja ya Februari mwaka uliofuata, ametoka kazini na macho yamemvimba, alikaa jikoni na sahani ya pierogi za mama yake, vile vifuko vya unga vyenye viazi na jibini, akajaza fomu ya kodi kwenye simu. Akaandika jina la Corinne, namba yake, tarehe ya kuzaliwa. Akatuma, akalala palepale, shavu juu ya mkono.

Kesho yake majibu yalikuja. Fomu imekataliwa. Namba ya mtoto imeshatumika kwenye fomu ya mtu mwingine.

Aliisoma mara tatu akidhani ni usingizi. Kisha akampigia Curtis, ambaye alikuwa chini ya shule moja, karibu na boila, na sauti yake ilisikika kama inatoka ndani ya pipa.

"Curtis, umemwandika Corinne?"

"Nimemwandika, ndiyo."

"Mwaka huu ni wa nani?"

Mahali fulani nyuma yake bomba lilikuwa linagonga.

"Bernie, sikiliza. Nilikwenda kwa wale watu wa kujaza fomu pale kwenye maduka. Yule dada akaniuliza, mtoto alilala wapi usiku nyingi zaidi? Nikamwambia kwangu. Akaandika. Mimi sikudanganya."

"Hakuuliza hakimu alisema nini?"

"Nilimwambia. Akasema hayo hayamhusu yeye."

"Na wewe yakawa hayakuhusu."

"Simu yako ikilia saa nane usiku, Corinne analetwa wapi? Nani anamfungulia mlango? Mimi. Sijawahi kukudai hata asante. Sasa nikijibu swali kama lilivyoulizwa nimekuwa mwizi?"

Bernie alitaka kusema mengi. Alichosema ni, "Nitakupigia," na hakupiga.

Angeweza kwenda kwa wakili. Alimpigia mmoja, akaambiwa bei ya saa moja ya kwanza, akashukuru kwa adabu na kukata. Jumanne, siku yake ya mapumziko, alikwenda maktaba, mahali ambapo wazee wa kujitolea hukaa na kompyuta zao msimu wa kodi na kuwasaidia watu bure. Akapanga foleni saa nzima. Alipofika mezani akakuta aliyekaa ni Hollis Eberhart, aliyemfundisha hesabu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa alikuwa na kifaa cha kusikia katika kila sikio na sweta lililofungwa vifungo vibaya.

"Galecki," alisema mzee bila kutazama karatasi. "Ulikuwa unasinzia dirishani."

"Bado nasinzia, Mwalimu."

Akamweleza yote, akamwekea mbele hati ya talaka, ukurasa wenye mihuri. Mwalimu Eberhart aliisoma taratibu, akaikunja, akamrudishia.

"Hii ni nzuri kwa hakimu," akasema. "Ukimpeleka Curtis mahakamani, hakimu anaweza kumkaripia, hata kumlazimisha akulipe. Lakini ofisi ya kodi haisomi hati za talaka. Inauliza swali moja: mtoto alilala kwa nani usiku nyingi zaidi katika mwaka? Huyo ndiye mwenye haki ya kumwandika. Mwingine hawezi, mpaka mwenye haki amsainie karatasi ya kumwachia."

"Kwa hiyo yule dada wa dukani alikuwa sawa."

"Swali lake lilikuwa sawa. Jibu sijui. Wewe unalijua?"

Bernie akairudisha hati mkobani.

"Ngoja nikuchanganye zaidi," mzee akaendelea. "Usiku ambao mtoto hakulala kwako wala kwa baba yake, kalala kwa bibi yake tuseme, unahesabiwa wa yule ambaye angekuwa naye siku hiyo. Ikiwa ilikuwa wiki yako, ni wako. Kwa hiyo usilete maneno. Leta kalenda."

"Mwalimu, mimi sina kalenda. Mimi nina simu inayolia."

"Karakana haiandiki saa mlizotoka?"

Karakana iliandika. Bernie aliomba nakala, na yule karani, mwanamke mwenye huruma na kikohozi, akamchapia mwaka mzima. Katika wiki zake mwenyewe, alikuwa ameitwa kazini usiku mara thelathini na nne. Alizitazama tarehe zile zimepangwa moja chini ya nyingine, na badala ya hasira ambayo alikuwa anaitafuta tangu juzi, alihisi kitu kama aibu. Thelathini na nne. Mara thelathini na nne alimwamsha mtoto, akamvalisha koti juu ya nguo za kulala, akamtia garini na mkoba wake wa shule.

Mara nyingine alimpeleka kwa Curtis, mara nyingine kwa mama yake, Stasia, aliyekuwa karibu zaidi na karakana. Alichagua kutokana na barabara ipi ilikuwa inapitika. Hakuwahi kuandika.

Alimpigia Curtis hatimaye. Wakakubaliana kukutana Jumamosi asubuhi nyumbani kwa Stasia, kwa sababu Stasia pia alikuwa shahidi, na kwa sababu hapakuwa na mtu aliyethubutu kupaza sauti mbele yake.

Curtis alikuja na donati na kalenda yake ya kazini. Alimsalimia mama mkwe wa zamani kwa busu la shavuni, naye akamwambia amekonda. Corinne, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, alipelekwa sebuleni kwenye televisheni, na mlango wa jikoni ukarudishwa bila kufungwa kabisa.

"Mimi nasema usiku zote za theluji alilala hapa," Stasia alianza, kabla hata kahawa haijamiminwa. "Andikeni zote."

"Mama, haiwezekani ziwe zote."

"Kwa nini isiwezekane? Kitanda si kile pale?"

"Mama Stasia," Curtis akasema kwa upole, "ile Januari mwanzoni, kwenye dhoruba ile ya siku mbili, si ulikuwa hospitali na nyonga yako?"

Mwanamke mzee akafikiri. "Basi ile mpeni Curtis," akasema, kama anayegawa nyama.

Walifanya kazi ile saa mbili na zaidi. Walianza na hesabu rahisi: kwa kupokezana wiki, Bernie angekuwa na usiku mia moja themanini na tatu na Curtis mia moja themanini na mbili. Kiangazi Curtis alikwenda mafunzoni mara mbili, na Bernie akakaa na mtoto usiku kumi na nane za ziada. Curtis alizikubali zote bila ubishi. Zikabaki zile thelathini na nne za theluji, na kila moja ilibidi ikumbukwe.

Waliutafuta kila usiku kwa alama zake. Huu ulikuwa ule ambao Corinne alitapika kwenye zulia la Curtis. Huu ulikuwa kabla ya mtihani wa tahajia, na Stasia ndiye aliyemsomea maneno. Huu Curtis alikuwa na mafua, kwa hiyo hakuletwa kwake. Huu umeme ulikatika. Kuna wakati walicheka, wote watatu, waliposimuliana jinsi Corinne alivyofika shuleni na kiatu cha bibi yake mguu mmoja. Halafu kicheko kikapita na kila mtu akarudi kwenye karatasi yake.

Mwishowe zilipatikana kumi na tatu ambazo hakika zilikuwa za Curtis, na kumi na mbili ambazo hakika Corinne alilala kwa bibi, kwa hiyo zikabaki za Bernie. Zilisalia tisa ambazo hakuna aliyezikumbuka hata kidogo. Bernie alipiga hesabu pembeni mwa boksi la donati. Kama katika zile tisa sita zilikuwa za Curtis, basi Curtis alikuwa na haki. Kama zilikuwa tano, haki ilikuwa ya Bernie. Mwaka mzima wa kulea mtoto ulikuwa umesimama juu ya usiku mmoja ambao wote walikuwa wamechoka mno kuukumbuka.

"Tutafanyaje?" Curtis akauliza. "Tugawane tano kwa nne?"

"Tano kwangu au kwako?"

"Hata sijui tena, Bernie."

Hapo mlango ukasukumwa. Corinne alikuwa amesimama pale na blanketi mabegani. Hakuna aliyejua amesimama muda gani.

"Mimi nakumbuka," alisema.

Watu wazima wakamgeukia.

"Nakumbuka karibu zote. Mngeniuliza mimi." Alisogea mezani, akatazama orodha ya tarehe, kisha akamtazama mama yake, kisha baba yake, na macho yake yakawa yanapima, kama mtu anayekagua barafu kabla ya kukanyaga. "Lakini kwanza niambieni, ni vizuri nikiwa nimelala wapi?"

Stasia alishusha kikombe. Curtis akatazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa gereji ya jirani.

Bernie alifahamu mara moja kwamba mtoto angesema lolote. Angegawa zile tisa kwa namna ambayo hakuna mtu angeondoka na uso mbaya, na angeapa kwa jina la Mungu kama angeombwa. Tena angeifanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu alikuwa ameizoea kwa miaka mitano, kila Jumapili jioni, akiingia nyumba moja na kunyamaza habari za nyingine.

"Si vizuri wala vibaya popote," Bernie akasema. "Ulilala. Basi."

"Lakini mnahesabu."

"Tumemaliza kuhesabu." Akazikunja karatasi za karakana mara mbili, akazitia mfukoni. "Kachukue donati, ile ya jamu babako amekufichia."

Corinne hakuamini sana, lakini aliichukua donati na kurudi sebuleni. Safari hii Stasia aliinuka kwa nyonga yake mbovu akaenda kukaa naye, na mlango ukafungwa.

Wawili walibaki na kahawa iliyopoa. Curtis alikuwa wa kwanza kusema.

"Zile pesa za kodi sinazo zote, Bernie. Nilishazilipia paa la nyumba. Lakini naweza kurekebisha fomu yangu na kukusainia karatasi ya kukuachia. Nitalipa serikali polepole. Hakimu alisema mwaka huu ni wako, na mimi nilijua. Nilipokuwa kwenye kiti cha yule dada nilijua."

"Kwa nini sasa?"

Curtis akazungusha kikombe chake. "Nilitaka mtu aandike mahali kwamba nilikuwepo. Zile usiku. Hakuna aliyekuwa anaziandika."

Bernie angeweza kumjibu vikali, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa amezisoma zile tarehe zote peke yake siku tatu mfululizo, na alijua ni mara ngapi aligonga mlango wa Curtis, na Curtis akafungua akiwa na soksi, akampokea mtoto mikononi bila kuuliza neno.

"Mwaka huu kaa nao," alisema. "Huenda ni haki yako, huenda si haki yako. Sitaki kujua, kwa sababu anayejua ni mtoto. Lakini utanisainia miaka yako miwili ijayo, leo, si kesho. Na tunakaa na Mwalimu Eberhart atuandikie, si yule dada wa dukani."

"Miaka miwili?"

"Mmoja wa deni, mmoja wa kunikasirisha."

Curtis akacheka kidogo kwa pua. "Sawa," akasema. Kisha akaongeza, "Ulikuwa unaendesha vizuri ile Januari. Nilikuwa nasikia lori likipita, namwambia Corinne, huyo mama."

"Na yeye alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema si wewe, wewe unapiga breki mapema zaidi."

Wakafanya hivyo. Jumanne iliyofuata walikaa maktaba pamoja, bega kwa bega kwenye viti vya plastiki. Mwalimu Eberhart aliwatolea karatasi ya kuachia, akaonyesha pa kuandika miaka, na Curtis akatia sahihi. Fomu ya Bernie ilitumwa upya bila jina la Corinne, ikapokelewa. Alichorudishiwa kilitosha matairi mawili ya gari lake, si manne aliyoyahitaji. Mzee aliwaambia kwamba katika miaka yake tisa ya kukaa pale, wazazi walioachana waliowahi kuja kwenye meza yake kwa wakati mmoja anawahesabu kwa mkono mmoja, na bado vidole vinabaki. Bernie alikuwa anapigana na usingizi.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba usiku tisa zile hazikumtoka. Hazikumuuma kwa ajili ya kodi. Kilichomuuma ni kwamba mtoto wake alikuwa ametolewa kitandani mara tisa, na mama yake mwenyewe hakukumbuka alimpeleka wapi. Mwezi wa Mei iliposikika karakanani kwamba mtu wa ghala la chumvi anastaafu, kazi ya mchana, kuandika mizigo na kurekebisha majembe ya theluji ya malori, Bernie alipeleka jina lake. Wenzake walimshangaa. Hakuna malipo ya ziada ghalani, na malipo ya ziada ndiyo yaliyokuwa yanamlipia nyumba.

"Umezeeka?" mmoja akamuuliza.

"Nimechoka," akamjibu. "Kuzeeka bado."

Alipewa ile kazi Oktoba, kwa kuwa alikuwa mkongwe kuliko wote walioomba. Mshahara ulipungua hata akaacha televisheni ya kulipia na kuanza kununua kahawa ya bei rahisi, ile inayobaki chini ya kikombe kama udongo. Lakini simu aliacha kuiweka karibu na mto. Wiki za kwanza aliendelea kuamka usiku bila kuitwa, akisubiri, kisha akajifunza kugeuka upande wa pili.

Theluji kubwa ya kwanza ilianguka mwishoni mwa Novemba, katika wiki yake. Asubuhi alimtoa Corinne kwenda shule, wakajikuta nyuma ya lori la theluji lililokuwa linakwenda taratibu mno, likimwaga tuta la theluji kwenye mlango wa kila gereji lilipopita. Dereva alikuwa kijana mgeni. Bernie alimjua kwa jina tu.

"Huyu hajui," Corinne akasema.

"Atajua."

"Wewe ulichukua muda gani?"

"Misimu miwili. Mitatu, ukiuliza watu wenye gereji."

Corinne alifuta ukungu kwenye kioo kwa mkono wa koti. "Ijumaa nalala wapi?"

"Kwangu. Jumapili unakwenda kwa baba yako."

"Hata theluji ikianguka?"

"Hata ikianguka."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akatoa daftari la tahajia mkobani, akaanza kusoma maneno kwa sauti ya chini. Mbele yao lori lilipiga breki, likasita, likakata kona vibaya. Bernie alisubiri nyuma yake, mikono juu ya usukani, bila kupiga honi.